Shangazi Ubaldina na Bahari ya Kusimuliwa

Shangazi yangu Ubaldina amewapeleka watu baharini kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu muda wote huo hakuwahi kulowesha hata goti. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani ninamficha. Yeye mwenyewe siku hizi hulitangaza, mkono kiunoni, tena kwa kujisifu.

Anakaa Rincon, bondeni, mahali ambapo huioni bahari hata ukipanda juu ya paa. Nyuma ya nyumba yake, kando ya ua wa kadushi, mimea mirefu ya jangwani yenye miiba, ana vyumba vitatu vya wageni. Wageni wenyewe ni wapiga mbizi. Wanatoka Uholanzi, Marekani, Kolombia, na huja Bonaire, kisiwa chetu cha Karibi, kwa jambo moja tu, kutia vichwa vyao majini. Kisiwani kwetu huhitaji mashua. Unafuata barabara ya pwani mpaka uone jiwe lililopakwa rangi ya manjano lenye jina la mahali, unaegesha, unajitwika mtungi wa hewa, unaingia kwa miguu yako mwenyewe. Lakini mawe ya manjano ni mengi, na mgeni hajui aanze na lipi. Kumpangia ndiyo kazi ya shangazi.

Jioni, watu wakishakula, hukusanya vikombe vya kahawa na kuvipanga mezani. Kila kikombe ni mahali pa kuzamia, na mkono wa kikombe unaelekea kule maji yanakokwenda. Bakuli la sukari ni kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji.

"Kesho hapa na hapa," husema, akisogeza viwili. "Kile cha pembeni msikiguse. Upepo wa mashariki umechoka tangu mchana, na ukichoka hugeuka. Ukigeuka, mawimbi yatawatupa nje kama nguo chafu."

Kisha huingia ndani ya bahari yenyewe, kwa mdomo. "Mkishazama, nendeni polepole mpaka muone nanga ya zamani. Mkiipita, kushoto. Kuna samaki mkunga wa kijani, mrefu kama nyoka, kwenye tundu lake, msimsumbue, ana mambo yake. Na msiguse kitu. Mkigusa nitajua."

Nao hawagusi. Nimewaona wanaume wenye ndevu zao, waliozamia bahari nusu ya dunia, wanaitikia ndiyo mama, sawa mama.

Ameyapata wapi yote hayo? Kwa wageni walewale. Kwa shangazi hupewi bakuli la pili la kitoweo cha mbuzi kabla hujasimulia ulichokiona, na anakuhoji kama hakimu. Samaki huyo alikuwa na mistari ya kusimama au ya kulala? Alikuwa peke yake au na mwenzake? Ukisema "mzuri sana" anakurudisha nyuma, maana uzuri haumwambii kitu. Kwa hiyo habari za miaka thelathini zimekaa kichwani mwake, kila moja mahali pake.

Mimi ni Tirsa, mtoto wa kaka yake, na kazi yangu ni kuongoza wapiga mbizi. Siku ya kwanza nilipozama na mtungi nilikuta nanga pale aliposema. Nikaenda kushoto, nikamkuta mkunga. Nilicheka majini mpaka nikanywa chumvi, kwa jinsi nilivyoona fahari juu ya shangazi yangu.

Kwa nini yeye haingii? Hilo halina haja ya kuulizwa kwetu. Bibi za bibi zetu walichota chumvi kule kusini wakiwa watumwa, wiki nzima jua na chumvi vikiwala macho, na Jumamosi wakavuka kisiwa kwa miguu kuja kulala na watoto wao huku bondeni. Bibi yangu alikuwa akisema bahari ni mahali pa kutoka, si pa kwenda. Wanaume wa Rincon walizoea kidogo kidogo, wakavua samaki. Wanawake wa umri wa shangazi hawakuzoea, na hakuna aliyewauliza.

Hakuna, isipokuwa Hubertina.

Hubertina ni dada wa marehemu mume wa shangazi, mtu wa Playa, mjini, aliyezaliwa hatua chache kutoka majini. Ni wifi kamili, yaani kazi yake hapa duniani ni kuchokonoa. Tulikuwa kwake kwenye ubatizo wa mjukuu wake, sahani mkononi, watu wamejaa uani, naye akaanza kwa sauti ya asali.

"Wifi, nasikia wageni wako leo umewapeleka kaskazini."

"Nimewapeleka, na wamerudi wanaimba."

"Ehe, wameona nini?"

Shangazi akaingia mtegoni mzimamzima. "Kasa wawili, mmoja ana kovu mgongoni. Na samaki kitatange, wale wenye taji la buluu, wanatembea wawiliwawili kama..."

"Wewe umewaona?"

Hubertina akawageukia watu uani.

"Nauliza tu jamani, kuuliza si ujinga. Maana kwa unavyoeleza, mtu atadhani ulizaliwa na mapezi miguuni. Kumbe wewe wifi yangu unasifia harusi ambayo hukualikwa! Chakula umekisikia kwa jirani, ngoma umeisikia ukutani, bibi harusi umemwona kwenye picha!"

Watu walicheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, mdomo ulinicheza. Hubertina akaona soko limechangamka, akaongeza: "Wala si yeye peke yake. Mwanamke wa Rincon akiona bahari anauliza mbuzi watanywea upande gani!"

Shangazi akaweka sahani chini taratibu. Namjua, akipunguza mwendo ujue moto umewaka.

"Jumamosi ijayo," akasema, "kwaya yetu nzima ya kanisa, ya wanawake wa Rincon, itatia uso baharini. Kule kusini karibu na mashamba ya chumvi, kwenye jiwe la manjano liitwalo Kwa Wela. Njoo na kiti, Hubertina, ukae uangalie."

"Nitakuja na kiti, na mwavuli, na bisi za kutafuna!"

Tulipokuwa njiani kurudi nilimuuliza: "Shangazi, kwaya wanajua?"

"Watajua kesho baada ya misa," akasema, akitazama dirishani.

Walipojua, Modesta alikaa chini palepale kwenye ngazi za kanisa. Modesta anaogopa pikipiki, radi, na jongoo. Filiberta, ambaye sauti yake ya chini ndiyo nguzo ya kwaya, alitaka kujua ni nani aliyempa Ubaldina ruhusa ya kuahidi nyuso za watu. Lakini walipoelezwa neno la Hubertina kuhusu mbuzi, neno kwa neno, hali ya hewa ikabadilika. Filiberta akavuta pumzi puani. "Kasema hivyo? Mbele ya watu? Jumamosi ya lini?"

Nimeona shangazi akipanga safari nyingi, ila hiyo aliipanga kwa namna nyingine. Wanawake walijaa jikoni kwake, supu inachemka, vikombe vyote mezani, na akawa anaviondoa kimoja baada ya kingine. Hiki hapana, kina ngazi nyingi na magoti ya Modesta ni mabovu. Hiki hapana, mtu anaingilia kwenye mawe makali. Kisiwa kidogo hapana, ni lazima kupanda mashua na kuna watu hapa wanatapika hata kwenye bembea. Mwisho kikabaki kikombe kimoja. Kwa Wela, mchanga laini mpaka maji yafike kifuani, na matumbawe yanaanza palepale mchanga unapoishia. Saa mbili asubuhi, kabla upepo haujapata kiburi.

"Hatuzami," aliwaambia. "Tunaelea kifudifudi. Miwani usoni, mrija mdomoni, boya kiunoni. Tirsa anatangulia. Soprano wakae mbele, maana wao wakiogopa wanapiga kelele, tutawasikia. Alto nyuma, ila kila mmoja ashikwe mkono. Alto hufa kimyakimya."

"Na papa?" akauliza Modesta.

"Papa akikuona wewe na hilo gauni atakwenda kuungama."

Kisha mazoezi. Nilileta miwani na mirija, tukajaza maji kwenye beseni kubwa la kufulia uani, kila mtu akapiga magoti kwa zamu kutia uso. Shangazi alisimama juu yao na mwiko, akigonga ukingo wa beseni. "Kwa mdomo! Pumua kwa mdomo! Filiberta, wewe unashika noti ya mwisho ya Pasaka mpaka padri anaangalia saa, leo unashindwa na beseni?" Filiberta akainuka kwa hasira, nywele zake za bandia zikabaki zinaelea majini. Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Mwenyewe akazikamua, akazivaa, akarudi majini, akapumua vizuri kuliko wote. Modesta alihitaji jioni tatu, lakini naye akaweza.

Walipomaliza nilimpa shangazi miwani. "Umebaki wewe."

"Mimi?" Akazigeuza mkononi kama anakagua nyanya sokoni. "Mimi nabaki na chakula. Punda wa kusini unawajua."

Ni kweli nawajua. Kwetu mtu akienda kuzamia huacha gari wazi, vioo chini, ndani patupu, ili mwizi asione sababu ya kuvunja. Kwa hiyo punda wanaozurura kule kusini wamejifunza kuingiza kichwa dirishani na kujihudumia. Sababu yake ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilimtazama, akatazama mwiko. Mwanamke aliyepanga mpaka nani ashike mkono wa nani alikuwa amejipangia nafasi ndani ya gari, akiwa na sufuria.

Jumamosi tulishuka kusini na pikapu mbili. Upepo ulikuwa kama alivyosema, mpole, na maji yametulia hadi unaona mchanga chini. Mbele ya jiwe la manjano wanawake wakavua vitenge. Wengine walivaa suruali za kubana, wengine magauni ya nyumbani yaliyofungwa mafundo magotini. Nyuma yao chumvi ililundikana vilima vyeupe, na yale mabanda madogo ya mawe walimolala bibi hao wa zamani yalionekana kule mbali. Filiberta aliyaangalia kidogo, akatema mate mchangani, akavaa miwani.

Hubertina alikuwa ameshafika. Kiti, mwavuli, na bisi kweli, kwenye mfuko wa karatasi. "Endeleeni, endeleeni," akasema, "msinijali."

Tukaingia mpaka magotini. Hapo safari ikagoma. Modesta alisimama, aliyemshika mkono akasimama, mstari mzima ukasimama.

"Ubaldina yuko wapi?" Modesta akauliza.

Wote wakageuka. Shangazi alikuwa amekaa kwenye pikapu, mlango wazi, sufuria ya kitoweo mapajani, mikate ya mtama kando yake.

"Nendeni!" akapaza sauti. "Maji ni mazuri!"

"Wewe umeyajuaje?" Filiberta akamjibu. "Hebu njoo."

"Nachunga chakula!"

"Ubaldina," Filiberta akasema, na sauti ile ya chini ikasafiri juu ya maji, "nimetia uso kwenye beseni lako mbele ya majirani. Nywele zangu zimeelea kama kuku aliyekufa. Kama wewe huingii, mimi hapa nafanya nini?" Akavua miwani. Wengine nao wakaanza kuvua, mmoja mmoja.

Ufukweni Hubertina hakucheka. Nilitegemea acheke, ila alikuwa anamtazama wifi yake tu, bisi zimesimama njiani kuelekea mdomoni.

Nilitoka majini nikaenda kwenye gari. Shangazi alikuwa ameshika masikio ya sufuria kwa nguvu.

"Unaogopa maji?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Maji?" Akatikisa kichwa. "Ningeogopa maji ningekwambia. Tirsa, mwanangu, watu wangapi nimewaambia habari za huko chini? Na nimezisema vizuri, najua. Watu wanaacha kula wanisikilize. Sasa nikitia uso nisione kitu? Nikaona samaki tu, kama wa sokoni? Basi yule mwanamke atakuwa amesema kweli. Nitakuwa nimepiga domo miaka yote. Nitarudi mezani jioni niseme nini?"

Niliwahi kudhani namjua shangazi, kumbe nilijua upishi wake na vikombe vyake. Nikaweka mkono juu ya wake, pale kwenye sikio la sufuria.

Kivuli kikaanguka juu yetu. Hubertina. Alikuwa amefunga mwavuli, na sijui alisikia kiasi gani.

"Nipe hiyo sufuria," akasema.

"Ya nini?"

"Nipe, nitachunga mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wifi, na wewe hujainama hata siku moja. Nikikushinda nataka nikushinde vizuri. Sitaki kwenda kuwaambia watu wa Playa kwamba nilisaidiwa na punda."

Wakatazamana. Ni wanawake wawili waliomzika mtu mmoja, mmoja mume, mwingine kaka, na tangu siku ile hawajaongea bila kurushiana vijembe. Shangazi akampa sufuria. Akavua viatu, akafunga fundo la gauni, akateremka kwenda majini akiwa ameinua kidevu kama anayekwenda kupokea komunyo.

Kwaya ikampokea kwa vigelegele. "Kelele za nini?" akasema. "Vaeni miwani. Soprano mbele!"

Nilimshika mkono. Akatia uso, akautoa mara moja, akikohoa. "Kuna kitu kimenitazama!"

"Ni samaki, shangazi. Ni kwao."

Akatia tena. Safari hii hakuutoa. Alinibana vidole mpaka pete yake ikaniumiza, tukaelea hivyo juu ya mchanga, nyuma yetu mikono imeshikana, mirija inakoroma. Mchanga ukaisha. Matumbawe yakaja, ya njano, ya zambarau, yenye matawi kama pembe, na kitatange wawili wakapita chini yetu wakiwa na mataji yao. Nilitaka kumwonyesha, nikakuta ameshanyoosha kidole. Akawa ananivuta yeye. Kulia kwa jiwe kubwa, akazunguka, na mkunga wa hapo alikuwepo. Alikwenda mahali ambapo hajawahi kufika kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake. Nimeongoza watu wengi majini, nami sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia yeye asubuhi ile.

Kisha akaacha kupiga miguu ghafla. Akaniachia mkono. Akageuza kichwa huku, akakigeuza kule. Nilidhani miwani inavuja, nikamsogelea, akanizuia kwa kiganja. Alikuwa anasikiliza.

Akarudi hadi kwenye mchanga, akasimama, maji kifuani, akasukuma miwani juu ya paji la uso.

"Tirsa! Kuna watu wanakula huko chini!"

"Ni samaki pono, shangazi. Wanaguguna matumbawe."

"Wanayavunja kama mahindi makavu! Kakara, kakara, kila upande! Hufanya hivyo siku zote?"

"Siku zote."

"Na hukuniambia!"

Sauti ile naisikia kila siku ya kazi. Nilikuwa nimeisahau kabisa, kama mtu anavyosahau saa ya ukutani.

"Hakuna aliyeniambia!" Alikuwa amekasirika kweli, machozi na bahari vimechanganyika usoni. "Miaka yote wananiletea rangi. Rangi, rangi, mistari, madoa! Nikawapa na bakuli la pili! Mtu mmoja, hata mmoja tu, hakusema kwamba bahari inatafuna!" Akawageukia wenzake, ambao walikuwa wameanza kuinua vichwa wote wakizungumza kwa pamoja. "Nyamazeni ninyi! Mmesikiliza? Kwaya gani isiyosikiliza? Rudini chini. Msiangalie kitu. Sikilizeni!"

Wakarudi, Modesta naye, na shangazi katikati yao. Mirija ikatulia. Wanawake wa Rincon, ambao hujawahi kuwanyamazisha hata kwa mahubiri, walielea kimya mbele ya vile vilima vya chumvi, nyuso ndani ya maji, wanasikiliza.

Ufukweni Hubertina alishindwa kuvumilia. Alisogea mpaka povu likamlamba vidole, sufuria bado mikononi.

"Ubaldina! We Ubaldina! Ni kama ulivyokuwa unasimulia?"

Shangazi akainua uso.

"Siyo!"

"Siyo? Kuna nini? Mmenyamaza mnafanya nini huko? Hebu nisimulie basi!"

Nilimtazama mwanamke huyo ambaye amekuwa akisimulia bahari maisha yake yote, kwa yeyote aliyekaa mezani pake. Alicheka, akavuta miwani machoni.

"Sikusimulii, wifi. Njoo usikie mwenyewe."

Akarudisha uso majini. Hubertina alisimama kidogo, akaangalia kiti chake, akatuangalia sisi. Kisha akaweka sufuria mchangani, akaanza kuvua viatu.